Shati la Baba Rebeka

Lile shati sikulifua. Lilikuwa la bluu, mikono mifupi, lina doa kubwa kuanzia kwenye kola mpaka chini mgongoni, na damu kidogo begani. Nililikunja hivyohivyo, nikalitia kwenye kiroba cha unga, nikafunga fundo. Popote nilipokwenda na mume wangu kwenye mashindano ya baiskeli, lilikuwa chini kabisa ya kikapu changu, chini ya viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Watu walikiona kikapu wakasema, huyu mama anampenda mumewe. Ni kweli nampenda. Lakini kikapu kilikuwa na mengine.

Mume wangu anaitwa Methodi. Ni mtu wa Kifanya, amekulia katikati ya mashamba ya miti, na baiskeli aliijua kabla hajajua kusoma. Akiwa kijana alibeba mbao kwenye baiskeli mpaka Njombe mjini, anasukuma kwenye vilima, anashuka kwenye miteremko kama jiwe. Tulipooana tulihamia Makambako, akafungua karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Jioni anaoga, anavaa shati safi, anakwenda jumuiya kusali. Pombe aliiacha siku binti yetu Rebeka alipopata komunyo ya kwanza. Aliapa mbele ya altare na hakurudi nyuma. Ndiyo maana walimchagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, na alipopita mtaani watu walimwamkia kwa heshima, "Kamwene, mwenyekiti," hata wasiosali.

Kila Jumatatu ya Pasaka kuna mbio za baiskeli kutoka Njombe mpaka Makambako. Si za mabingwa. Ni za watu kama sisi, mafundi na wakulima na walimu. Zawadi ni mfuko wa mbolea na vigelegele. Methodi alishinda mara nyingi, na nyuma yake alifika jirani yetu Benno, baba yake Judith, anayeuza vipuri vya baiskeli sokoni. Benno alikuwa wa pili mpaka hilo likawa kama jina lake la ubatizo. Alimpa Methodi mkono, akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Pasaka moja walikuwa wawili tu mbele, kwenye mteremko ukishapita Kibena. Methodi alisikia kiwiko kwenye mbavu, kisha akaona mtaro. Baada ya hapo hajui kitu. Kando ya mtaro ule kuna mianzi ya mtu, na ulikuwa msimu wa kugema ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Mbeta zilikuwa zinaning'inia, vile vipande vya mwanzi vinavyokinga ulanzi, vimejaa. Waendeshaji wa nyuma walipofika walimkuta mume wangu amelala kifudifudi, nyonga imevunjika, ananuka ulanzi mwili mzima. Benno alikuwa ameshaondoka. Alifika Makambako wa kwanza, akawaambia watu, "Methodi nilimwacha huko nyuma anayumba. Jamani, mwenyekiti wetu anakunywa."

Nilipomwinamia mume wangu hospitalini, kabla hawajamsafisha, mdomo wake ulinuka damu na vumbi. Mgongo ndio ulionuka ulanzi. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini sijawahi kuona mtu anakunywa kwa mgongo.

Niliwaambia wanajumuiya habari ya ule mgongo. Nani amsikilize mke wa mlevi? Mzee Yusto, katekista wetu, alinijibu kwa upole kwamba kila mke humtetea mumewe. Methodi akavuliwa uenyekiti akiwa bado amelala na mguu umefungwa.

Kisha Benno akaja kumwona mgonjwa. Alileta machungwa. Akapiga magoti katikati ya wodi, akafumba macho, akasali kwa sauti kubwa kama yuko uwanjani. Alimwomba Mungu amtoe ndugu yake Methodi kwenye roho ya ulevi, amsamehe kwa kuiaibisha jumuiya. Wagonjwa wote wakageuza shingo. Methodi, kwa maumivu na dawa, akaitikia amina kwa sauti ndogo. Benno akamshika bega.

"Sema kwa nguvu, ndugu yangu," alisema. "Wodi nzima isikie."

Na mume wangu akasema kwa nguvu.

Siku ile nilimenya chungwa moja nikalitupa. Yaliyobaki nikawagawia wengine.

"Mwachie Mungu, mama Rebeka," Methodi aliniambia walipomruhusu kurudi nyumbani.

"Nimemwachia," nikamjibu. "Lakini na mimi nipo."

Kila jioni nilisali rozari yangu. Sikumwomba Mungu amuue Benno, wala aliunguze duka lake. Niliomba kitu kimoja: anuke. Anuke mbele ya watu, aseme kwa kinywa chake kwamba hajanywa, na asiaminiwe. Jina la mume wangu lirudi kwa mdomo uleule uliolichukua. Sijui kama sala za namna hiyo zinapokelewa. Nilizisali.

Mguu ulipona, lakini nyonga haikukubali tena kiti cha baiskeli. Akikaa kidogo tu jasho linamtoka. Mtu aliyezaliwa juu ya baiskeli akawa anakaa mlangoni mwa karakana anaangalia za wenzake zikipita. Mpaka siku moja mzungu mmoja, msafiri, akasimama pale karakana kuchomelewa chuma kilichokatika. Baiskeli yake ilikuwa ya ajabu. Mtu haikalii, anajiegemeza kama yuko kwenye kochi, miguu imenyooshwa mbele, pedali ziko mbele ya gurudumu. Methodi alichomelea kile chuma polepole kuliko kawaida yake. Alipomaliza akaomba kuijaribu. Akajilaza, akazunguka uwanja wa karakana, akarudi anacheka.

"Mama Rebeka," aliniita, "nyonga imenyamaza!"

Mzungu alipoondoka, Methodi alikuwa ameshaipima yote kwa kamba. Akanunua baiskeli mbili kuukuu za foniksi, akazikata, akaziunganisha. Kiti alikitoa kwenye kiti changu cha plastiki cha sebuleni, akakikata miguu. Nilinung'unika, lakini nilimshikia msumeno.

Makambako nzima ilicheka. Wengine waliiita kitanda, wengine jeneza. Ila Aron, rafiki yake wa Kifanya mwenye mgongo mbovu wa kupasua mbao, alikuja akaitazama kimya kimya, akasema, "Nitengenezee na mimi." Baadaye wakapata na wenzao, mwalimu mmoja wa Njombe na fundi cherehani. Hivyo ndivyo zilivyoanza zile safari zetu. Leo wanashindana kwenye barabara za vumbi za Kifanya katikati ya misonobari, wiki nyingine Njombe, baridi imekaza mpaka pua hazina habari. Walitaka hata kwenda Kitulo kutazama maua. Baiskeli ya kulala mlimani ni mateso, ukiiendesha ni kama unasukuma kabati kwa miguu. Walifika nusu ya kilima cha kwanza, wakala viazi vyangu, wakarudi.

Nilizipenda siku zile, nisiseme uongo. Mimi na mama mwenzangu Devotha wa jumuiya tulipanda bodaboda nyuma yao na vikapu. Tukifika tunatandika kitenge, tunakata maparachichi, tunapiga vigelegele. Watoto wanakimbia kando ya barabara wakipiga kelele, "Mgonjwa anapelekwa hospitali! Mpisheni mgonjwa!"

"Nyie mnakimbia," Methodi anawajibu, "mimi nimepumzika!"

Nikamwona mume wangu anacheka tena. Lakini Jumapili kwenye misa tulikaa benchi la nyuma, na Benno alikaa mbele. Na kila aliponikuta sokoni alikuwa na neno.

"Shikamoo, mama Rebeka. Jeneza linaendeleaje? Maiti ameshaoza?"

Kunipa shikamoo ilikuwa dhihaka, maana ni rika langu.

"Marahaba, baba Judith," namjibu. "Anaendelea vizuri. Anakusalimu."

Nikifika nyumbani nakigusa kile kiroba.

Kwenye kamati ya mbio Benno naye alikuwa amepata kiti, na kanuni aliyoileta ilikuwa hii: mshindani yeyote atakayefika mwisho ananuka pombe anaondolewa hapohapo, na hakuna kuuliza maswali. Wakapitisha. Mzee Yusto akapewa kazi ya kusimama mwisho na kunusa, kwa sababu yeye hanywi wala havuti, pua yake ni safi. Niliposikia kanuni ile nilikuwa nachambua maharage. Nikaweka ungo chini. Nikajipiga ishara ya msalaba.

Pasaka iliyofuata baiskeli za kulala ziliruhusiwa kuingia. Kamati walidhani wataongeza kichekesho. Na sisi akina mama wa jumuiya tulipewa kituo cha maji pale Mtwango, katikati ya safari, kuwagawia washindani wote kwenye vikombe vya plastiki. Sasa, mimi nilikuwa nimemwangalia Benno kwenye mbio kwa muda mrefu. Benno hanywi maji ya njiani, anasema yanamletea kichomi. Anachukua kikombe huku anakwenda, haangalii, anajimwagia kichwani na mgongoni apoe. Kila kituo, kila mara, bila kukosa.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza ulanzi. Alinitazama kama ameona kanisa linatembea.

"Mama Rebeka! Wewe? Leo?"

"Ni wa kazi."

"Unataka mtogwa, ule mtamu wa leo, au mkangafu uliolala?"

"Nipe unaonuka zaidi."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Nikaufunika ndani ya kitenge nikatembea nao mpaka nyumbani huku nasali. Methodi sikumwambia. Yeye angesema tumwachie Mungu.

Asubuhi pale Mtwango kulikuwa na jua kali lililotoka baada ya mvua. Nilimwambia Devotha peke yake. Aliziba mdomo kwa mkono, halafu akasema, "Basi kaa mwisho wa mstari, wengine tusichanganye vikombe." Huyo ndiye mama mwenzangu.

Benno alitokea wa kwanza, kama nilivyotegemea. Kutoka Njombe kuna vilima, na vilima ni vya wale wanaokaa wima. Alikuwa amelowa jasho, meno nje. Akina mama wakanyoosha vikombe, yeye akavipita mpaka kwangu, kwa sababu alitaka kunisemesha.

"Mama Rebeka! Mwambie maiti wako nitamsubiri Makambako na sanda!"

"Haya, baba Judith. Mungu akutangulie," nikasema, nikampa kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu zake.

Akajimwagia. Kichwani, shingoni, mgongoni, kama kawaida yake. Kikombe akakitupa. Alipofika kwenye kona nikaona anainua mkono, anaunusa, anageuka nyuma. Nikampungia.

Methodi alipita baadaye kidogo, amejilaza, anapumua taratibu, Aron nyuma yake. Nikampa maji, maji kweli. Ushindi wake sikutaka uwe na ulanzi ndani. Kisha mimi na Devotha tukapanda bodaboda yetu tukawapita kwa mbali kwenda kusubiri mwisho.

Anayeijua Makambako anajua upepo wake. Hauna adabu, unafunua vitenge vya watu wazima. Barabara ikishafika kwenye tambarare, mtu aliyekaa wima anaupokea kifuani kama ameukumbatia mlango. Aliyelala, upepo unampita juu. Tulisimama uwanjani na umati, tukawaona kwa mbali wanakuja. Benno mbele, ameinama, anahangaika mabega. Nyuma yake kitu kifupi chini kwenye lami, kinakuja, kinakuja. Wakalingana. Methodi hakumtazama hata kidogo. Alipita amelala vilevile, mikono imetulia, kama mtu anayepelekwa mahali na usingizi mzuri.

Alivuka wa kwanza. Sikupiga kigelegele. Nilikuwa natazama wa pili.

Benno alishuka kwenye baiskeli akaitupa chini, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Yusto.

"Kile si baiskeli! Ni kitanda! Mzee, mfute yule, tangu lini mtu anashinda amelala?"

Mzee Yusto alirudisha kichwa nyuma. "Benno, hebu sogea."

"Nisogee wapi? Nazungumzia kitanda!"

"Sogea, baba."

Akamnusa begani, akamnusa kichwani.

"Wewe umekunywa."

"Mimi? Sijanywa!"

"Unanuka kama kilabu."

"Jamani, baba Judith," mtu akapaza sauti, "hukuweza kusubiri hata ufike?" Mwingine akasema, "Mwacheni, Pasaka ndiyo hii!" Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Nimemwagiwa!" Benno alikuwa anageuka huku na huku. "Ninuse mdomo, mzee! Shati kunuka si kunywa! Mtu anaweza kumwagiwa!"

"Kanuni ni ya kwako," Mzee Yusto akasema. "Hakuna kuuliza maswali."

Hapo nikatoka mbele. Sauti yangu ilikuwa ileile ya kusomea sala za waamini.

"Mzee Yusto, ni mimi. Nilimpa ulanzi kwenye kikombe cha maji, akajimwagia mwenyewe. Hajanywa hata tone. Baba Judith anasema kweli."

"Mmesikia!" Benno akapumua. "Mmesikia wenyewe!"

"Basi rudia, baba Judith. Wa nyuma hawajasikia vizuri. Shati kunuka?"

"Shati kunuka si kunywa!" akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Nikainama kwenye kikapu. Nikatoa viazi, nikatoa chupa ya chai, nikatoa kiroba, nikafungua fundo. Shati nikalitandaza juu ya mikono yangu, mgongo juu. Lilikuwa limekakamaa.

"Hili halikuulizwa maswali," nikamwambia Mzee Yusto. "Liangalie. Kifua ni kisafi. Doa lote liko mgongoni, kama la baba Judith leo. Mume wangu naye alikunywa kwa mgongo?"

Mzee Yusto aliangalia shati, akaenda nyuma ya Benno, akaangalia mgongo wake. Akarudi kwenye shati. Halafu akamtazama Benno.

"Mambo ya zamani hayo," Benno akasema. "Mnaniangalia nini? Mimi sikumsukuma kwa makusudi, barabara ilikuwa nyembamba!"

Hakuna aliyekuwa ametaja kusukuma. Mimi na Methodi tulikuwa hatujamwambia mtu yeyote habari ya kile kiwiko, maana nani angetuamini. Nilisikia mnong'ono unaanzia mbele unaenda nyuma kama moto kwenye nyasi kavu. Methodi alikuwa bado amejilaza kwenye baiskeli yake, amejifunika uso kwa kofia. Nikajua analia.

Jumamosi yake, kwenye jumuiya, Mzee Yusto alisimama akamwomba Methodi msamaha mbele ya wote, akataka kumrudishia uenyekiti. Methodi alishukuru akakataa. Alisema Jumamosi nyingi anakuwa Kifanya na Aron. Wakacheka, wakampigia makofi, na tulipotoka nje kila mtu alimwamkia mwenyekiti, mwenyekiti, kama zamani.

"Sasa yatosha, mama Rebeka," aliniambia njiani. "Lifue lile shati."

Nikalifua. Nikalianika uani, upande wa kwa Benno.

Benno mwenyewe alikuwa amefunga duka. Walisema kichwa kinamuuma, hatoki, hali vizuri. Mgonjwa anatembelewa, ndivyo tulivyofundishwa. Nikaenda sokoni nikachagua machungwa mazuri, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikabisha hodi. Alikuwa sebuleni amejifunika blanketi. Milango na madirisha vilikuwa wazi, na majirani walikuwa uani kwao wanaanua nguo, maana mvua ilikuwa inakuja.

Niliweka machungwa mezani. Nikapiga magoti katikati ya sebule, nikafumba macho, nikasali kwa sauti. Nilimwomba Mungu amtoe ndugu yangu Benno kwenye roho ya uongo na ya wivu, amsamehe kwa kumtupa mwenzake mtaroni, amsamehe na zile mbeta za mtu alizommwagia mgongoni. Sikuruka kitu. Huko nje nikasikia nguo zimeacha kuanuliwa.

"Amina," Benno akaitikia ndani ya blanketi.

Nilifumbua macho, nikamshika bega.

"Sema kwa nguvu, ndugu yangu," nikamwambia. "Mtaa mzima usikie."